Darasa Lililokuwa Kimya: Uchambuzi wa Kisa cha Dodoso la Ushiriki

Mwishoni mwa muhula wa kwanza, kitengo cha uhakiki ubora cha chuo kimoja hapa Dar es Salaam kilipokea taarifa mbili zisizosalimiana. Zote zilihusu darasa moja la mwaka wa kwanza, kozi moja, mwalimu mmoja. Ya kwanza ilitokana na dodoso walilojaza wanafunzi wenyewe, nayo ilisema darasa hili lina ushiriki wa hali ya juu kuliko karibu madarasa yote ya kitivo. Ya pili ilitoka kwenye mfumo wa kujifunzia mtandaoni, ule unaohesabu nani kafungua nini na saa ngapi, nayo ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya darasa haikuwa imegusa chochote tangu wiki ya tatu. Mwalimu wa kozi alipoulizwa akaongeza jibu la tatu: "Wale? Pale ni kama nafundisha makaburini."

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kutafuta ipi kati ya hizo ni kweli. Chuo sikitaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nilikuwa na faida moja na mzigo mmoja, na vyote vilikuwa mtu mmoja: mwalimu yule alinifundisha mimi mwenyewe zamani, na hadi leo tukikutana naanza na shikamoo.

Kabla ya kugusa karatasi yoyote nilikwenda kukaa darasani. Kipindi kilianza saa moja asubuhi. Ukumbi ulijaa hadi ngazini, watu karibu 300, feni mbili zinazunguka na ya tatu inatazama. Somo la siku ile lilikuwa mahitaji na bei. Mwalimu alifundisha vizuri, na hilo nalisema bila upendeleo. Kila baada ya robo saa aliuliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye swali, akangoja, akaona kimya, akaendelea. Mara nne. Nikaandika kwenye daftari langu: kimya, kimya, kimya, kimya.

Kipindi kikaisha. Mwalimu akainama kuchomoa nyaya za projekta, na papo hapo nyuma yangu likalipuka zogo. Kijana mmoja alikuwa anambana mwenzake: "Sasa mbona nauli ya daladala ikipanda watu bado wanapanda? Hayo mahitaji yanashuka wapi?" Mwenzake akamjibu kwamba wanaoshuka ni wale wanaoweza kutembea, wewe wa Mbagala utatembea mpaka wapi? Dada aliyekuwa anakusanya vitabu akaingilia na kusema kwamba basi jibu linategemea kama una njia nyingine ya kusafiri au huna. Wale watatu, wakiwa wamesimama na mabegi mgongoni, walikuwa wameingia katika mada ya wiki iliyokuwa inafuata. Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile, na mwalimu hakulisikia kwa sababu alikuwa anakunja waya.

Karatasi ya mahudhurio ilinipitia pia. Nilihesabu vichwa, kisha nikahesabu saini. Saini zilikuwa nyingi kuliko vichwa. Kusainiana ni jambo la kawaida, kila aliyepita chuoni anajua, na halihitaji aya nzima.

Sasa dodoso lenyewe. Fikra ya kuwauliza wanafunzi wanafanya nini, badala ya kuangalia chuo kina sifa gani au fedha kiasi gani, ni nzuri. Ilipata umbo lake linalojulikana zaidi Marekani mwaka 2000, pale Chuo Kikuu cha Indiana kilipoanza kuendesha dodoso la kitaifa chini ya George Kuh. Maswali yake yalikuwa ya matendo: mara ngapi umeuliza swali darasani, mara ngapi umekuja bila kusoma, mara ngapi umezungumza na mwalimu nje ya kipindi. Australia wakaanza la kwao mwaka 2007, na Afrika Kusini nao wakatengeneza toleo lao. Upande wa pili, watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Wilmar Schaufeli walianzia kwenye uchovu wa kazini. Waliuliza: kama kuna mtu aliyechoka hadi rohoni, kinyume chake ni nani? Mwaka 2002 walitoa kipimo kwa ajili ya wanafunzi chenye nguzo tatu: nguvu, kujitoa na kuzama. Mwaka 2004 Jennifer Fredricks na wenzake, wakizungumzia watoto wa shule, wakaweka mgawanyo ambao wengi wanautumia hadi leo, kwamba ushiriki una pande tatu: matendo, hisia na fikra.

Aliyeunda dodoso letu alipewa siku nne. Akachota huku, akachota kule, akatafsiri, akachapisha. Simlaumu, mimi ningefanya hivyo hivyo na pengine vibaya zaidi. Lakini palepale kwenye tafsiri ndipo kisa hiki kilipo, maana hata jina la dodoso lilikuwa na tatizo. Ushiriki kwetu ni jambo la watu wengi: unashiriki msiba, unashiriki harusi, unashiriki maandamano. Mwanafunzi aliyejifungia chumbani saa nane usiku akipigana na hesabu moja, mwambie anashiriki, atakuuliza anashiriki na nani. Nilijaribu maneno mengine. Kujituma linanukia sifa za mfanyakazi bora wa mwezi. Kujihusisha limeharibiwa na taarifa za polisi, ambamo watu hujihusisha na wizi na dawa za kulevya tu. Kuzama ni la baharini au la mapenzi. Nikarudi kwa ushiriki nikiwa nimeshindwa, ila nilipata fununu kwamba kilichotoka mle ndani huenda ni matendo ya hadharani na si kingine.

Kwenye vimbweta

Badala ya kuchambua majibu, nikaamua kuwasikiliza wanaojibu. Mbinu ni rahisi: unamkalisha mtu na dodoso, unamwomba alijaze kwa sauti, akisema kila kinachomjia kichwani kabla ya kutiki. Nilikaa nao kwenye vimbweta, yale meza na viti vya zege vilivyo chini ya miti, wawili wawili, mchana baada ya mchana. Gharama yake ilikuwa soda.

Kikwazo cha kwanza sikukitegemea kabisa. Dodoso lilikuwa na ngazi nne: kamwe, mara chache, mara kwa mara, mara nyingi sana. Mimi niliyelipitisha niliona zimepangika vizuri. Kijana wa kwanza akasema, "Mara kwa mara, yaani mara moja moja hivi." Mwenzake, aliyeketi naye kimbweta kimoja, akashangaa: "We! Mara kwa mara ni kila wakati." Wakabishana mpaka soda zikapoteza ubaridi. Wote ni Waswahili kwa lugha, mmoja kakulia Tanga na mwingine Mbeya, na wote walikuwa na hoja. Ngazi ya tatu ya kipimo chetu, ile iliyokuwa na tiki nyingi, ilibeba maana mbili zinazokaribia kupingana.

Kisha swali la kuuliza maswali darasani. Dada mmoja alitiki kamwe bila kusita, halafu akaendelea kusema, kama nilivyomwomba: "Maswali ninayo, Mwalimu. Ila mpaka nilipange kwa Kiingereza kichwani, yeye ameshahamia slaidi nyingine. Na nikikosea, hao wa nyuma watanicheka mpaka siku ya kuhitimu." Huyu alisoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba kwa Kiswahili, kisha sekondari akabadilishiwa lugha ghafla kama watoto wengi wa nchi hii. Aliyefuata alikuwa mwanafunzi wa shule za kulipia, Kiingereza tangu chekechea. Alitiki mara nyingi sana, na kwa kinywa kile kile akaniambia kozi hii haipendi na anaisoma kwa sababu ni ya lazima. Kwa alama za dodoso, wa kwanza hashiriki na wa pili ni mfano wa kuigwa. Swali lililokusudiwa kupima ushiriki lilikuwa linapima ulianza Kiingereza ukiwa na umri gani.

Swali kutoka upande wa Uholanzi lilitaka kujua kama mwanafunzi akiamka asubuhi anatamani kwenda darasani. Kijana anayekaa Chanika, anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kipindi cha saa moja, alinitazama kwa huruma. "Hilo linauliza kuhusu darasa au kuhusu daladala?"

Swali la kukutana na mwalimu ofisini lilichekesha. Kwa walioliandika, ni dalili njema: mwanafunzi anatafuta ushauri. Kwa vijana wale, ukionekana mlangoni kwa mwalimu ujue limeshakukuta, ama matokeo hayaonekani ama unaelekea kudisco, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Mmoja alisema anajivunia kwamba hajawahi kwenda.

Na ilikuwepo sentensi moja ya kinyume, iliyowekwa kwa makusudi kuwanasa wanaotiki bila kusoma: "Sijawahi kuja darasani bila kujiandaa," ndiyo au hapana. Jaribu kuijibu. Kwa Kiswahili, mtu akikubaliana na kauli ya kukanusha husema ndiyo, kama vile ukimuuliza mtu "hujala?" naye hajala, atasema "ndiyo, sijala." Lakini wanafunzi hawa wameshasoma mitihani ya Kiingereza miaka mingi, na baadhi yao hapana yao imeshageuka ya Kizungu. Kwa hiyo kati ya waliojiandaa vizuri, baadhi walijibu ndiyo na wengine walijibu hapana, wakimaanisha kitu kimoja. Ule mtego ulinasa wasiohusika.

Jambo la mwisho la vimbwetani ndilo lililoeleza alama kuwa juu. Dodoso lilijazwa darasani, wiki ya testi, mwalimu akiwa amesimama mbele, na juu kabisa lilidai namba ya usajili. Nilimuuliza kijana mmoja alijazaje. Akacheka: "Funika kombe mwanaharamu apite, Mwalimu. Nilishuka na safu ya nne kuanzia juu mpaka chini, nikarudisha." Baadaye nilizipitia karatasi. Safu nzima zilizotikiwa kwa mstari mmoja kama uzi wa fundi zilikuwa nyingi kuliko nilivyopenda kuona.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wachambuzi wengi wa vyuoni hulipita haraka. Taarifa ya kwanza ilijivunia alfa ya Cronbach iliyo juu, yaani ile namba iliyopendekezwa na Lee Cronbach mwaka 1951 kuonyesha kama maswali ya kipimo yanakwenda pamoja. Watu huisoma kama cheti cha ubora. Lakini mtu anayetiki safu moja juu hadi chini anafanya maswali yote yaende pamoja vizuri sana! Kadiri wavivu wanavyozidi, alfa inapanda. Namba iliyoletwa kututuliza ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Na juu ya hayo, waliojaza walikuwa waliokuja siku ile tu. Tulikuwa tunapima njaa kwa kuwauliza waliokaa mezani.

Faili moja, simu mia

Mfumo wa mtandaoni nilidhani ungekuwa rahisi, kwa kuwa kompyuta haina aibu wala haiogopi kudisco. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja anayeng'aa kuliko wote, anafungua kila faili saa chache baada ya kuwekwa. Nikamwita. Kumbe ndiye kiongozi wa darasa. Kazi yake ilikuwa kushusha madesa yote, yaani maandishi ya kozi, na kuyatupa kwenye kundi la WhatsApp. Kutoka hapo yalisomwa kwenye simu, yakachapishwa stesheneri ya ng'ambo ya barabara, yakatolewa kopi. "Kwa nini kila mtu aingie, Mwalimu?" akaniuliza kwa upole. "Mfumo unakula bando, na unakutoa ukikaa kidogo. Mimi naingia mara moja kwa niaba yao." Kwa kompyuta, darasa lilikuwa na mtu mmoja hai na wafu mia mbili na ushee.

Nilipomwomba anionyeshe kundi lenyewe alisita, na nikaona ana haki. Si chumba chetu kile. Hata zile kumbukumbu za mfumo tulikuwa tunazitumia bila kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba zitamhukumu. Mwanasheria wa chuo alitukumbusha kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na kwamba taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja hazihamishwi lengo kimya kimya. Kiongozi wa darasa alinisomea mwenyewe aliyoyachagua. Diskasheni ya usiku mmoja ilianza na swali la nauli.

Kwa hiyo ipi ilikuwa kweli? Jibu langu kwa kitengo lilikuwa kwamba zote tatu zilikuwa sahihi kwa kile zilichopima, na hakuna iliyopima tulichodai. Dodoso lilipima adabu ya mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Mfumo ulipima bei ya bando na bidii ya kijana mmoja. Masikio ya mwalimu yalipima Kiingereza cha hadharani. Wanafunzi wengi wa darasa lile walikuwa wanajifunza, wengine kwa nguvu sana, mahali ambapo hakuna chombo chetu kilichokuwa kimetegwa. Na wengine, nisiwapake mafuta, hawakuwa wanafanya lolote. Walikuwa wanangoja bumu, yaani fedha ya mkopo wa masomo, na mtihani. Wastani mmoja uliwachanganya wote. Alama ukizichora zilikuwa na nundu mbili kama ngamia, na wastani ulikaa katikati, bondeni, pasipo na mtu.

Kuandika upya dodoso kulituchukua muda mrefu kuliko kulikosoa. Tulibaki na maswali 11. Maneno ya ngazi tukayafuta yote; badala yake mwanafunzi anaandika namba: katika siku saba zilizopita, ni mara ngapi ulimweleza mwenzako jambo la kozi hii mpaka akaelewa? Ni mara ngapi ulisoma faili uliloletewa na mwenzako? Siku saba mtu anazikumbuka, muhula mzima anaubuni. Kwa sababu wiki ya testi si kama wiki nyingine, tukaamua kuuliza mara mbili, wiki ya nne na ya kumi. Namba ya usajili ikaondoka, ikaja alama ya siri ambayo mwanafunzi anaiunda mwenyewe, ili majibu yake ya mara ya kwanza na ya pili yakutane bila sisi kumjua. Anayegawa si mwalimu wa kozi. Swali ninalolipenda zaidi lilitoka kwa yule dada wa slaidi: wiki hii ulikuwa na swali ambalo hukuliuliza? Kama ndiyo, liandike hapa, kwa lugha yoyote.

Mwenzangu wa takwimu alipinga, na upinzani wake ulikuwa mzito. Alisema kwa kubadilisha maswali tumevunja daraja: hatuwezi tena kujilinganisha na miaka iliyopita wala na chuo kingine chochote, na kipimo cha chuo kimoja kisichoweza kusimama karibu na cha mwingine ni kama rula ambayo sentimita zake umezichora mwenyewe. Alisema pia kwamba kutoaminika kwa majibu ya wanafunzi kuhusu wao wenyewe si ugunduzi wangu. Marekani kwenyewe wapo waliokwisha kuandika kwa ukali kwamba madodoso ya namna hii yanategemea kumbukumbu ambayo binadamu hana. Kweli tupu. Nilichoweza kumjibu ni kwamba ile miaka iliyopita nayo ilikuwa na rula ya mara kwa mara. Hatukukubaliana. Tukaafikiana maswali matatu ya zamani yabaki pembeni, yakiwa yamesafishwa lugha, kwa ajili ya kulinganisha tu.

Sehemu iliyoniogopesha ilikuwa kwenda kumwona mwalimu wangu. Nilimpelekea karatasi za maswali yasiyoulizwa, baada ya zoezi la kwanza la dodoso jipya. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa, wengine wameandika mpaka nyuma. Alivaa miwani, akasoma moja baada ya nyingine bila kusema neno, karibu nusu saa. Mengi yalikuwa kwa Kiswahili. Baadhi hayakuwa maswali, yalikuwa malalamiko ya maiki. Mwishowe akashika moja akaniuliza, "Huyu wa nauli ya daladala ni nani?" Nikamwambia hatujui, ndiyo maana ya alama ya siri. Akasema, "Huyu angepaswa kuniuliza hili." Nikanyamaza. Akaongeza, taratibu, "Au mimi ndiye ningepaswa."

Tangu hapo amebadilisha kitu kimoja. Kabla ya kuuliza kama kuna mwenye swali, anawapa dakika tano wageukiane wazungumze kwa lugha wanayotaka, kisha anachagua safu moja imletee swali lililotoka kwao. Ukumbi unageuka soko la Kariakoo, halafu mkono unainuka. Si kila mara. Wale wa safu ya nyuma kabisa bado wanaangalia simu, na kuna siku dakika tano zinakuwa kumi na mada haimaliziki. Yeye mwenyewe analalamika kwamba anachelewa mtaala kwa wiki nzima.

Taarifa yetu ilikwenda juu ikiwa na majedwali matatu yasiyojumlishwa: wanachofanya darasani, wanachofanya nje ya darasa, na wanachokosa ujasiri wa kukifanya. Fomu ya ofisi ilikuwa na kisanduku kimoja kidogo kilichoandikwa kiwango cha ushiriki kwa asilimia. Tukaweka kistari.

Baada ya siku tatu simu ikaita. Sauti ilikuwa ya heshima, ya mtu mwenye safu moja iliyobaki wazi kwenye jedwali lake. Alitaka kujua tu, ukilinganisha na mwaka jana, ushiriki umepanda au umeshuka? Nikaanza kumweleza kuhusu mara kwa mara. Akanisikiliza vizuri hadi mwisho, akashukuru, kisha akauliza kama anaweza kuandika kwamba umepanda.